Dekali zenye weupe, vanishi yenye ukungu, mshono usiofutika

Swali: Nipo Mombasa. Nimemaliza modeli ya plastiki ya ndege ya kivita Spitfire, ya kampuni ya Airfix, skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi), ile inayouzwa kwenye boksi moja na rangi, brashi na gundi yake. Vipande vimekaa, lakini mambo matatu yananiudhi. Mshono wa mgongoni unaonekana hata chini ya rangi. Dekali, zile alama za kubandika kwa maji, zina weupe wa kumetameta chini yake, kama karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Na baada ya kupuliza vanishi ya kopo isiyong'aa, bawa la kushoto limeshika ukungu. Je, naweza kuiokoa? Na kati ya seti mpya zinazosifiwa sasa, nichukue ipi?

Jibu: Ndugu msomaji, modeli yako inaokoleka kwa sehemu kubwa. Ukungu utaondoka karibu wote, dekali nyingi zitapona, na mshono uuache ulivyo. Yote matatu mzizi wake ni mmoja, nao ni uso wa modeli. Seti za siku hizi vipande vyake vinaingiana vizuri mno, kwa hiyo kuunga si sehemu ngumu tena. Kazi yenyewe sasa iko kwenye kuuandaa uso kabla ya kila tabaka linalofuata. Rangi haifichi kasoro ya plastiki, dekali haikai juu ya rangi yenye mikwaruzo, na vanishi ya mwisho huanika kila kilichofanywa vibaya chini yake.

Ukungu wa bawani

Anza na kipimo rahisi. Dondosha tone moja la maji safi pale penye ukungu. Kama weupe unapotea chini ya tone na rangi inarudi, halafu weupe unarejea maji yakikauka, rangi yako iko salama. Ni vanishi tu iliyokauka ikiwa na chembe au vijishimo vidogo vinavyotawanya mwanga. Tone limevijaza kwa muda. Vanishi ya kung'aa itavijaza kwa kudumu.

Chanzo kinaweza kuwa kimoja kati ya viwili. Vanishi isiyong'aa huondoa mng'ao kwa unga laini sana, mara nyingi wa silika, ambao hutuama chini ya kopo. Usipotikisa vya kutosha, unapuliza kwanza vanishi nyepesi na baadaye unga mtupu. Ukipuliza nzito, unga hujikusanya kwenye kona, kwa mfano pale bawa linapokutana na bodi. Ukungu wa namna hii hutokea hata siku kavu na hufuata umbo la modeli. Chanzo cha pili ni unyevu. Kimiminika cha kwenye kopo kinapovukiza kinapoza uso wa modeli, na hewa ya pwani iliyojaa mvuke ikiugusa uso uliopoa, mvuke hugeuka matone madogo ndani ya vanishi ambayo bado ni mbichi. Ukungu huu huja kwa mabaka, hasa pale ulipopuliza kwa wingi. Kwa kuwa kwako ni bawa moja tu, inawezekana sana upande huo ulipata vanishi nyingi kuliko mwingine.

Tiba ni ile ile kwa vyote viwili, lakini usianze nayo mpaka umalize dekali, kwa sababu ukifunika tena utaziba njia ya dawa ya kuzilainisha. Baada ya dekali, paka vanishi ya kung'aa ya maji kwa brashi pana laini ya milimita 10 hadi 12, tabaka jembamba, ukienda upande mmoja bila kurudia ulipopita. Subiri saa nne, paka la pili. Uso utang'aa sana, usishtuke. Kesho yake ndipo unarudisha vanishi isiyong'aa, safari hii kwa utaratibu:

Tikisa kopo kwa dakika mbili kamili tangu gololi ya ndani ianze kugonga. Simama sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye modeli. Anza kupuliza nje ya modeli, pita juu yake bila kusimama, na uachie kitufe ukishaivuka. Uso uonekane na unyevu kidogo, usilowe. Subiri dakika 15, pita mara ya pili, basi.

Kuhusu saa ya kupuliza, wengi Mombasa huchagua alfajiri kwa sababu kuna ubaridi, kumbe ndiyo saa mbaya. Unyevu wa hewa huwa juu usiku na alfajiri, na hushuka jua likipanda. Puliza kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, kivulini, siku isiyo na mvua. Kipimo kidogo cha unyevu cha kidijitali kitakusaidia kuliko kukisia: ukiona zaidi ya asilimia 70, ahirisha. Wakati wa masika utaahirisha sana, na ni heri kuahirisha kuliko kuharibu kazi ya wiki tatu. Ukiwa na chumba chenye AC, modeli ikaushwe humo, ila usiitoe moja kwa moja kwenye ubaridi kuipeleka barazani kupuliza. Itatoka jasho hapo hapo na utafungia maji chini ya vanishi. Iache nje kwa nusu saa ndani ya boksi lililofunikwa, ishike joto kwanza.

Ukungu ulio karibu na kioo cha rubani pekee ni jambo jingine. Huo mara nyingi ni mvuke wa supaglu. Supaglu hukauka kwa msaada wa unyevu wa hewa, na mvuke wake huganda kama vumbi jeupe kwenye plastiki angavu. Kioo gundisha kwa gundi nyeupe ya mbao, ile ya maji. Inashika vya kutosha, inakauka angavu, na ikimwagika unaifuta kwa pamba yenye maji.

Weupe chini ya dekali

Hapa ndipo pa kukaa kidogo, maana ndipo modeli nyingi nzuri huharibikia. Na dekali zako hazina lawama: Airfix huchapisha dekali zake Cartograf, kiwanda cha Italia kinachoheshimika, nazo ni nyembamba na imara.

Dekali ni wino uliochapwa juu ya utando angavu, na chini ya utando kuna gundi inayoyeyuka kwa maji. Rangi isiyong'aa, hata ukiiona laini kwa macho, uso wake ni wa vilima na mabonde. Utando hulala juu ya vilima, hewa inabaki mabondeni, na mwanga ukipiga hewa hiyo unarudi na kile kimeto cha fedha. Kubonyeza kwa kidole hakusaidii, kwa sababu hewa haina pa kutokea. Kwa hiyo dekali haiwekwi juu ya rangi isiyong'aa. Inawekwa juu ya vanishi ya kung'aa, mng'ao unaondolewa mwishoni kabisa na vanishi nyingine. Maelekezo ya ndani ya boksi hayasemi hatua hii, nayo ndiyo inayoamua.

Kwa zile ulizonazo, chukua ncha mpya ya kisu au sindano nyembamba. Toboa dekali pale tu penye weupe, vitundu vidogo vingi, ukifuata mistari ya paneli (mifereji inayoigiza maungio ya mabati ya ndege) inapowezekana ili visionekane. Weka Micro Sol, dawa ya kulainisha dekali, kwa brashi ndogo, iache iingie vitunduni, na baada ya dakika chache gandamiza kwa pamba ya masikio iliyolowa kidogo, kutoka katikati kwenda pembeni. Acha saa moja, rudia. Mara tatu au nne ni kawaida. Kwa kuwa umeshapuliza vanishi juu yake, dawa itapenya polepole na sehemu nyingine zitakataa. Jaribu kwanza chini ya bawa, maana baadhi ya vanishi hulainika au kupauka zikiguswa na dawa hii. Penye kukataa kabisa, hasa ukingo wa utando kuzunguka herufi, changanya rangi ya bodi na uupake ukingo huo kwa brashi namba 000. Kwa 1/72 jicho halitagundua.

Modeli ijayo fanya hivi tangu mwanzo. Rangi ikishakauka, saa 24 kwa akriliki (rangi ya maji), na siku mbili tatu kwa enameli (rangi ya mafuta) kwa sababu unyevu wa pwani huichelewesha, paka tabaka mbili nyembamba za vanishi ya kung'aa. Acha siku nzima. Pitisha kucha kwa wepesi. Ukisikia mikwaruzo, sugua kwa msasa wa maji namba 2000 na uongeze tabaka moja.

Kata dekali moja moja, karibu na wino uwezavyo. Ichovye kwenye maji ya uvuguvugu sekunde 10 hadi 15, itoe, ilaze juu ya tishu kwa dakika moja. Usiiache ielee mpaka iachane na karatasi yake, kwa maana gundi itaoshwa yote na dekali itakauka bila kushika. Paka Micro Set, ile ya lebo ya buluu yenye harufu ya siki, mahali inapokwenda. Telezesha dekali kutoka kwenye karatasi yake moja kwa moja hadi hapo, irekebishe kwa brashi yenye maji, kisha nyonya maji kwa ncha ya tishu bila kuivuta. Viringisha pamba ya masikio kutoka katikati. Ikishatulia dakika kumi, paka Micro Sol ya lebo nyekundu juu yake.

Sasa dekali itakunjamana. Inatisha, lakini ndivyo inavyotakiwa kuwa: utando umelainika na unajinyoosha kufuata mistari ya paneli. Usiiguse hata kwa unyoya. Ndani ya nusu saa itajilaza yenyewe. Ukiigusa wakati huo itachanika, na kuchanika huko hakutengenezeki.

Micro Set ukiikosa, siki nyeupe na maji nusu kwa nusu hufanya kazi inayokaribiana. Micro Sol haina mbadala wa jikoni. Dekali za Tamiya, kampuni ya modeli ya Japani, zina utando mnene kuliko za Cartograf, kwa hiyo zinataka maji ya moto kidogo na Sol mara mbili au tatu, au dawa yao wenyewe iitwayo Mark Fit.

Angalia pia maji unayotumia. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi, na yakikauka huacha pete nyeupe kuzunguka dekali ambayo watu hudhani ni gundi. Nunua maji ya betri, yale yaliyosafishwa ya kuongezea betri ya gari, yanapatikana vituo vya mafuta. Soma lebo: maji, si asidi. Chupa ya lita moja itakutosha kwa modeli nyingi. Ukimaliza dekali zote, pitisha kitambaa chenye maji hayo kufuta gundi iliyobaki, acha usiku mzima, kisha funga kwa tabaka moja zaidi la vanishi ya kung'aa kabla ya ile isiyong'aa. Tabaka hilo la juu ya dekali ndilo linalofuta kingo za utando.

Mshono

Huu wa sasa uache. Kuusugua ni kuondoa dekali na rangi ya mgongo mzima, na faida yake ni ndogo.

Gundi ya modeli haifanyi kazi kama gundi ya mbao. Inayeyusha polistireni ya pande zote mbili, kimiminika kinavukiza, na pande mbili zinabaki plastiki moja. Gundi nzito ya kwenye tyubu hukaa juu na kujaza, ndiyo maana huacha mtaro. Tumia nyepesi, kwa mfano Tamiya Extra Thin yenye kifuniko cha kijani, mchanganyiko wa asetoni na butili aseteti. Shika nusu mbili za bodi zikiwa na mwanya mwembamba sana, gusa mshono kwa brashi ya kifuniko, gundi itakimbia yenyewe ndani. Hesabu hadi tano, bana kwa nguvu. Ukiona ushanga mwembamba wa plastiki laini umetokeza nje kwa urefu wote wa mshono, kazi imefanyika. Ushanga huo ndio puti yako, yaani kijazio cha mwanya.

Kisha subiri. Wengi husugua baada ya saa mbili kwa sababu ushanga unaonekana mgumu. Ndani bado kuna kimiminika. Kinapomalizika kutoka, plastiki husinyaa na mtaro unarudi, safari hii chini ya rangi. Hilo huenda ndilo lililokupata. Subiri saa 24 kwa uchache, na 48 kwa mshono mnene. Kwangua ushanga kwa kisu kilichosimama wima, ukikivuta na si kukisukuma. Sugua kwa msasa wa maji namba 600, kisha 1000, kisha 2000. Duka lolote la rangi za magari lina msasa huo, na ni bei nafuu kuliko ile ya maduka ya modeli, ubora ule ule. Paka praima ya kijivu tabaka moja jembamba na uangalie mshono kwa taa ya pembeni. Praima ndiyo inayosema ukweli. Plastiki tupu inadanganya macho. Kama kuna mtaro, tia supaglu tone moja, isugue ndani ya saa moja kabla haijawa ngumu kuliko plastiki inayoizunguka, praima tena. Mistari ya paneli uliyoifuta irudishe kwa sindano ukifuata tepu nene kama rula, mipito minne mitano ya mkono mwepesi. Ukikandamiza mara moja, sindano itahama njia.

Kabla ya yote hayo, osha fremu zote zinazoshika vipande kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Baadhi ya seti hubaki na mafuta ya moldi, na rangi ya maji haishiki juu ya mafuta. Na unapopaka rangi kwa brashi, zima panga boi. Upepo wake hukausha rangi ya akriliki chini ya brashi yenyewe, ndiyo ile mistari na mabonge. Tia tone moja la kichelewesha, dawa ya kuchelewesha rangi kukauka, kwenye matone kumi ya rangi, tabaka tatu nyembamba badala ya moja nene.

Seti ya kuchukua sasa

Kwa kazi ya pili chukua Tamiya Spitfire Mk.I ya 1/48, iliyotoka mwishoni mwa 2018. Ni ndege ile ile, rangi zile zile, na kila ulichokosea utakirudia ukiwa umekijua. Ile yako ya 1/72 ina upana wa milimita 156 hivi kutoka ncha ya bawa hadi ncha. Hii itakuwa na 234, kwa hiyo mkono unapata nafasi bila modeli kuwa kubwa ya kukosa rafu. Makutano ya bawa na bodi, pale Spitfire nyingi zinapodai puti, hapa mara nyingi hayadai chochote ukiijaribisha bila gundi kwanza na kusafisha alama za fremu. Vijichupa vya boksi lako la kwanza havitatosha. Kama unatumia rangi za Humbrol, namba 29 ni ile kahawia ya udongo, 30 ni kijani, na 90 hutumika kwa rangi ya chini.

Ukitaka kubaki 1/72 kwa sababu ya bei na posta, Hurricane Mk.I, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza, ya Arma Hobby ya Warszawa, 2019, ina mistari laini kuliko seti nyingi za ukubwa huo. Ina vipande vidogo sana sehemu ya rubani, hivyo koleo ndogo yenye ncha kali ni lazima. Na Hurricane ina historia ya karibu nawe: kikosi cha 3 cha Jeshi la Anga la Afrika Kusini kilirusha Hurricane kutoka Kenya dhidi ya Waitalia mwaka 1940 na 1941.

Hizo nyingine zinazosifiwa, sifa ni za haki, ila si zako bado. P-38, ndege ya kivita ya Marekani, ya Tamiya ya 1/48, ya 2019, ni kati ya seti bora kabisa za ndege zilizowahi kutolewa. Hata uzito wa kuizuia isikalie mkia umo ndani, mipira ya chuma yenye nafasi zake. Lakini bodi mbili na injini mbili ni mishono mara mbili. F-35A yao ya mwishoni mwa 2022 inaungika kwa raha, kisha rangi yake inakutaka uzibe na kufunika paneli nyingi sana, kazi ya mtu mwenye eabrashi (kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa) na subira. Spitfire Mk.IXc ya Airfix ya 1/24, ya 2022, ina injini kamili ndani na upana wa karibu nusu mita. Ni fahari ya kiwanda kilichotoa Spitfire yake ya kwanza mwaka 1953, ila kwa kopo la rangi na brashi utachoka kabla ya mabawa.

Eduard wa Ucheki, na P-51D yao ya 1/48 ya 2019 na Zero iliyofuata baadaye, wana undani usio na mfano kwa bei hiyo. Na dekali zao za miaka hii zinakuja na jambo jipya linalogusa swali lako moja kwa moja. Utando wa juu unaweza kubanduliwa baada ya dekali kukauka kabisa, wino ukabaki peke yake kwenye rangi. Hakuna utando, hakuna ukingo. Lakini inataka uso unaong'aa na kushika vizuri kuliko kawaida, na ukibandua mapema unaondoka na wino, kwa hiyo fanya mazoezi kwanza na dekali usizozihitaji.

MiniArt wa Kyiv walitoa P-47D ya 1/48 mwaka 2023, vita vikiwa mlangoni kwao, na wao pamoja na wenzao ICM hawajaacha kutoa moldi mpya. Hilo linastahili heshima ya kila mwenye meza ya modeli. P-47 hiyo ipo kwa matoleo mawili. Chukua lile la msingi, lile jingine lina vipande vingi kupita kiasi kwa sasa.

Kuna pia dekali za 3D, paneli za vyombo vya rubani zilizochapwa kwa unene, zenye rangi na vioo vyake. Quinta Studio ya Urusi ndiyo iliyozitangaza sana, Eduard wakafuata na zao. Zinabandikwa kwa gundi nyeupe na zinaokoa saa nyingi za kupaka vidoti. Kwa 1/48 zinafaa. Kwa 1/72, kioo kikishafungwa, faida yake huioni.

Julai 2025 alifariki Shunsaku Tamiya, akiwa na miaka 90, aliyeiongoza kampuni iliyoanzishwa na baba yake Yoshio huko Shizuoka mwaka 1946 kama biashara ya mbao. Skeli ya 1/35 inayotawala modeli za vifaru ilitokana na kifaru chao cha Panther cha 1961, kilichopimwa ili betri na mota vienee ndani. Ukifungua boksi la Spitfire hiyo niliyokutajia, angalia jinsi fremu zilivyopangwa kwa mfuatano wa hatua na jinsi kipande cha kulia kisivyoweza kuingia kushoto. Huo ni urithi wake.

Kuagiza

Tenga manunuzi mawili. Seti, dekali, koleo, sindano na rangi za maji zinasafiri kwa posta bila shida. Makopo ya kupuliza, gundi nyepesi na thina ni bidhaa zinazowaka. Posta ya kimataifa haizipokei, na muuzaji akizificha ndani ya kifurushi, kifurushi chote kinaweza kuzuiwa. Hizo zitafute nchini, au mwombe muuzaji mwenye kuleta kwa meli.

Thina ya rangi za magari usiipake kwenye plastiki, inaila. Iweke kwa kuoshea vifaa tu. Ukitumia akriliki za Tamiya, thina yake ni X-20A au isopropili safi. Spiriti ya vidonda ya duka la dawa mara nyingi ina mafuta ndani yake, na mafuta hayo yatabaki kwenye rangi. Ukipuliza kopo, vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, kwa maana ile ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke, na hakikisha hakuna jiko linalowaka karibu.

Dekali zikifika, zitoe ndani ya boksi siku hiyo hiyo, uzitie kwenye mfuko wa zipu pamoja na pakiti moja ya silika ya kukaushia, ulaze mfuko bapa ndani ya kitabu. Unyevu wa pwani huanza kuifanya gundi ishike karatasi ya juu hata kabla hujafungua fremu ya kwanza. Zikiwa za zamani na zimegeuka njano, zibandike dirishani ndani ya mfuko wao, uso ukielekea jua, siku kadhaa. Kisha ijaribu moja usiyoihitaji kwenye maji. Ikivunjika vipande, paka karatasi nzima Liquid Decal Film ya Microscale kabla ya kukata nyingine, halafu kila dekali ikatwe karibu na wino wake, kwa sababu utando mpya umefunika karatasi yote.